Kadi za punguzo la nauli ya treni Uingereza: Masharti yanayowatofautisha wajuzi, watumishi na abiria wa kawaida

NCHINI Uingereza, kijana mwenye umri wa miaka 16 hadi 25 anaweza kununua kadi inayompunguzia takriban theluthi moja ya nauli ya treni kwa mwaka mzima. Kadi hiyo, inayojulikana kwa jina la Railcard, imekuwa ikiuzwa kwa pauni 35 tangu Machi 2025, baada ya kudumu kwa miaka kadhaa katika bei ya pauni 30. Abiria anayesafiri mara chache tu kati ya miji mikubwa huzirudisha fedha zake mapema.

Hata hivyo, kadi hiyo imefungamana na masharti mengi kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Mwaka 2024 abiria mmoja kijana alijikuta akikabiliwa na tishio la kufikishwa mahakamani kwa sababu ya upungufu wa pauni 1.90 katika nauli yake. Tiketi alikuwa nayo na kadi yake ilikuwa halali. Kosa lake lilikuwa kuitumia kadi hiyo asubuhi mno, katika safari iliyokuwa fupi mno.

Suala hili linawagusa pia wasomaji wa Afrika Mashariki, kwani wanafunzi wengi kutoka ukanda huu huenda kusoma katika vyuo vikuu vya Uingereza na huinunua kadi hiyo katika wiki zao za kwanza. Mwanafunzi aliyevuka umri wa miaka 25 naye anaruhusiwa kuwa nayo, mradi anasoma kwa muda wote katika chuo kinachotambuliwa na chuo hicho kimethibitisha maombi yake.

Zilikotoka kadi hizi

Shirika la umma la reli la British Rail lilianzisha kadi ya wanafunzi mwaka 1974, na mwaka uliofuata likaanzisha kadi ya wazee. Lengo lilikuwa la kibiashara: treni nyingi zilikuwa na viti vitupu nje ya saa za kwenda na kurudi kazini, na punguzo lingewavutia watu ambao vinginevyo wasingesafiri kwa reli.

Reli ilipobinafsishwa katika miaka ya 1990, palikuwa na hofu kwamba kampuni mpya zingeyafuta mapunguzo hayo. Sheria ya Reli ya mwaka 1993 iliweka kinga kwa makundi matatu, yaani vijana, wazee na watu wenye ulemavu.

Kadi nyingine ziliongezwa baadaye. Kadi ya watu wawili wanaosafiri pamoja ilianza mwaka 2014, ya wenye umri wa miaka 26 hadi 30 ikaanza kuuzwa nchini kote Januari 2019, na ya askari wastaafu ikafuata Novemba 2020. Kila moja ina masharti yake, na hapo ndipo utata unapoanzia.

Kadi ya watu wawili haitumiki kabla ya saa 3:30 asubuhi siku za kazi. Kadi ya Network, inayohusu London na kusini mashariki mwa Uingereza, siku hizo huanza kutumika saa 4:00 asubuhi. Kadi ya wazee hutumika karibu saa zote, isipokuwa kwa safari za asubuhi zinazoanzia na kuishia ndani ya eneo hilo hilo la kusini mashariki. Kadi ya watu wenye ulemavu haina kizuizi cha saa, na humpatia punguzo pia mtu mzima mmoja anayeandamana na mwenye kadi.

Sharti la pauni 12

Sharti lililozua mjadala mkubwa zaidi ni la nauli ya chini katika kadi ya miaka 16 hadi 25. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kati ya saa 10:30 alfajiri na saa 4:00 asubuhi, mwenye kadi hiyo hawezi kulipa chini ya pauni 12 kwa kutumia punguzo. Sikukuu za kitaifa, pamoja na miezi ya Julai na Agosti, hazimo katika sharti hilo. Kwa kadi ya miaka 26 hadi 30, nafuu hiyo ya Julai na Agosti haipo.

Mfano unaweza kulifafanua zaidi. Safari ya nauli kamili ya pauni 24 itamgharimu mwenye kadi takriban pauni 16, hivyo hakuna tatizo. Safari ya pauni 15 ingeshuka hadi takriban pauni 10, lakini kwa kuwa ni asubuhi, atalipa 12. Na kama nauli kamili ni pauni 9, atalipa 9 hizo hizo na kadi haimsaidii kitu.

Ugumu unaongezeka kwa sababu ya aina za tiketi. Tiketi inayoitwa ya wakati wowote humruhusu abiria kupanda treni ya saa yoyote katika siku husika. Anayeinunua kwa punguzo ana kila sababu ya kuamini kwamba anaweza kusafiri nayo saa 2:00 asubuhi. Tiketi yenyewe inamruhusu, ila kadi aliyonunulia tiketi hiyo haimruhusu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa abiria wa mwaka 2024.

Wapenzi wa treni

Wapo watu wachache wanaoyafahamu masharti hayo kwa undani, nao ni wapenzi wa treni. Mapenzi hayo yana historia ndefu Uingereza. Mwaka 1942 karani kijana wa kampuni ya reli ya Southern, Ian Allan, alichapisha kijitabu chenye orodha ya vichwa vya treni vya kampuni hiyo, baada ya kuchoshwa na barua za wananchi waliotaka kuvifahamu. Kijitabu kiliuzwa haraka, na vizazi vya vijana vikajifunza kusimama mwishoni mwa jukwaa na kuandika namba za treni zinazopita.

Mpenzi wa treni wa leo hukusanya pia maarifa ya nauli. Anajua kwamba anaweza kuigawa safari moja katika tiketi mbili au tatu, na kwamba masharti ya kitaifa ya usafiri yanaruhusu jambo hilo mradi treni inasimama katika vituo vinavyohusika. Anajua pia kwamba zipo tiketi za kuzurura eneo zima, hata nchi nzima kwa siku 7 au 14, na kwamba nyingi kati ya hizo hupunguzwa bei kwa kadi.

Wakati mwingine maarifa hayo humzidi hata kondakta. Mpenzi wa treni hubeba nakala ya masharti, na mkaguzi anapoikataa tiketi yake, humwonyesha kifungu husika kwa utulivu. Abiria wa kawaida hana silaha hiyo, na akiambiwa amekosea, kwa kawaida huamini na kulipa.

Watumishi wa reli

Upande wa pili wa mazungumzo hayo yupo mtumishi wa reli. Kazi yake si nyepesi, kwani hutakiwa kuzikumbuka kanuni za kadi nyingi na tiketi za kampuni mbalimbali, huku akisimamia usalama wa abiria na muda wa treni. Zaidi ya hayo, ukwepaji wa nauli ni tatizo la kweli. Sekta ya reli imekadiria kwamba hasara yake ni kati ya pauni milioni 350 na 400 kwa mwaka, na wakaguzi hukumbana na matusi na hata vipigo kutoka kwa baadhi ya wakwepaji.

Watumishi wenyewe wana mapunguzo yao. Walioajiriwa kabla ya Aprili 1, 1996, wakati reli ikiwa bado katika mabadiliko ya ubinafsishaji, na kuendelea na kazi bila kukatiza, walilindiwa haki ya kusafiri waliyokuwa nayo chini ya British Rail, ikiwamo tiketi za robo ya nauli. Walioajiriwa baadaye hutegemea kile ambacho mwajiri wao anatoa. Ndiyo maana makondakta wawili wanaofanya kazi katika treni moja wanaweza kuwa na haki tofauti kabisa wanaposafiri siku ya mapumziko.

Kosa au udanganyifu?

Kwa mujibu wa sheria, zipo njia tatu za kumshughulikia abiria mwenye tiketi isiyo sahihi. Ya kwanza ni faini ya papo hapo. Nchini England, tangu Januari 2023, faini hiyo ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari, na hupungua hadi pauni 50 na nauli ikilipwa ndani ya siku 21. Abiria ana haki ya kukata rufaa.

Ya pili ni kushtakiwa chini ya kanuni ndogo za reli, ambapo kutokuwa na tiketi halali kunatosha kuwa kosa, hata kama abiria hakukusudia. Ya tatu ni Sheria ya Reli ya mwaka 1889, ambayo inahitaji kuthibitishwa kwamba abiria alikusudia kukwepa nauli, na ambayo inaweza kumwachia rekodi ya jinai.

Agosti 2024, Hakimu Mkuu wa England na Wales alibatilisha hukumu kadhaa za mfano zilizotolewa chini ya sheria hiyo ya mwaka 1889. Kampuni za reli zilikuwa zimezipitisha kesi hizo katika utaratibu wa haraka wa hakimu mmoja, ambao haukuruhusiwa kwa makosa hayo. Hukumu zilizohusika zilikadiriwa kufikia takriban 74,000.

Miezi michache baadaye, habari za upungufu wa pauni 1.90 zilienea. Kampuni ya Northern iliachana na shauri hilo na kuahidi kuzipitia upya kesi za aina hiyo. Novemba 2024, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Louise Haigh, aliiagiza Mamlaka ya Reli na Barabara kuchunguza jinsi kampuni zinavyowashughulikia abiria.

Ripoti iliyotolewa Juni 2025 ilieleza kwamba mfumo wa tiketi ni mgumu kueleweka na kwamba kosa linalofanana hushughulikiwa tofauti kutegemea kampuni. Miongoni mwa mifano yake ni abiria aliyechagua kwa bahati mbaya kadi ya miaka 16 hadi 25 badala ya ile ya 26 hadi 30 aliyokuwa nayo. Punguzo la kadi hizo ni lile lile, hivyo reli haikupoteza chochote, lakini abiria huyo aliingizwa katika mkondo wa mashtaka. Mamlaka ilipendekeza ununuzi wa tiketi sahihi urahisishwe na mashtaka yafuate vigezo vya haki vinavyofanana.

Mambo ya kuzingatia

Anayekusudia kuitumia kadi hii azingatie yafuatayo. Kadi lazima iwepo wakati wa ukaguzi. Iliyohifadhiwa katika simu iliyoishiwa chaji huhesabiwa kuwa haipo. Aliyeisahau nyumbani atalipa, lakini anaweza kudai kurudishiwa fedha mara moja katika kila miezi 12, akiionyesha kadi hiyo ndani ya siku 28.

Jina la kadi iliyochaguliwa wakati wa kununua tiketi lilingane na kadi halisi. Jijini London, kadi nyingi zinaweza kuunganishwa na kadi ya Oyster kwa msaada wa mtumishi wa kituo, lakini punguzo hilo ni la nje ya saa za msongamano na halipatikani kwa kugusisha kadi ya benki. Huko Ireland ya Kaskazini, kadi hizi hazitumiki.

Zaidi ya yote, anayesafiri kabla ya saa 4:00 asubuhi aulize dirishani iwapo punguzo lake linatumika katika treni hiyo. Swali hilo halina gharama, ilhali tofauti ya pauni moja na ushei imekwishawafikisha baadhi ya abiria mlangoni mwa mahakama.