Kaza Gari Likiwa Chini

Bushi ya kontroli amu inaenea kwenye kiganja. Ni mrija mdogo wa chuma uliowekwa ndani ya mrija mkubwa, na kati yao kuna mpira ulioshikamana na chuma pande zote mbili. Kontroli amu yenyewe ni ule mkono unaounganisha gurudumu la mbele na fremu ya gari. Gurudumu likipanda tuta, mkono hupanda nalo na mpira hujipinda. Likishuka, mpira hurudi. Hauzunguki wala hautiwi grisi. Maisha yake yote ni kujipinda na kurudi, mpaka siku unapochanika.

Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikifuatilia bandari, reli na barabara za Kusini. Lakini sentensi iliyonisaidia zaidi kuzielewa niliisikia kwa fundi wa magari mjini Mtwara, likizo ya Desemba, tulipompelekea pikapu ya mjomba.

Ni Toyota Hilux ya dizeli ya mwaka 1999. Hubeba samaki na pweza kutoka Msimbati, na katikati ya ndoo hukaa akina mama wanaokwenda kuuza. Gari lilikuwa linagonga mbele katika kila shimo, linavuta kushoto, na tairi zake zinaliwa upande wa ndani. Mjomba alitaka bushi za kuchongwa kwa mpira wa tairi kuukuu, kwa sababu ya bei. Fundi alishika gurudumu juu na chini, akalitikisa, akamwonyesha jinsi boljointi nayo inavyocheza.

"Mzee, hii ikichomoka, gurudumu linalala. Na wewe nyuma unapakia watu."

Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akauliza bei ya bushi mpya na boljointi zake.

Kazi ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza yote iliishia kwenye bolti. Hewa ya chumvi ya pwani yetu ilikuwa imezila bolti za mikono ya chini hadi zikang'ang'ania ndani ya bushi, zikakataa nyundo, zikakataa moto, ikabidi zikatwe. Kabla ya hapo fundi alichora alama kwenye fremu, ili alaimenti isipotee mbali. Alilegeza tosheni baa, kile chuma kirefu kinachojipinda badala ya springi, akatoa mikono, akachoma mpira wa zamani, akaupasua mrija wa nje kwa msumeno wa chuma, na kusukuma bushi mpya kwa presi.

Siku ya pili mikono ilirudi mahali pake. Kijana wa gereji akaanza kukaza bolti gari likiwa bado juu ya jeki. Fundi akamzuia.

"Mwanangu, kaza gari likiwa chini."

Sababu yake ni hii. Gari likiwa juu, mkono unaning'inia. Ukikaza hapo, bushi inabanwa katika mkao wa kuning'inia. Ukishusha gari, mpira unabaki umejipinda muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa kivulini, na utachanika kabla ya wakati wake. Kwanza shusha, uache uzito ukae, ndipo ukaze.

Niliifikiria bandari yetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika: zaidi ya ekari milioni tatu, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikaanza kujengwa bandari ya kina kirefu Mtwara, na reli ya kuiunganisha na mashamba. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Bandari ilikamilika mwaka 1954, miaka mitatu baada ya kufutwa kwa mzigo iliyojengewa. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Vitabu hutaja mvua, udongo mgumu na mitambo mibovu, na vyote ni kweli. Lugha ya gereji inaongeza jambo moja: kila kitu kilikazwa gari likiwa hewani. Mzigo ulikuwa kwenye makaratasi ya London, haukuwa bado chini.

Mpira wenyewe nao una kisa chake hapa. Mwishoni mwa karne ya 19, kabla ya mashamba ya Wajerumani, watu wa Kusini waligema mpira wa porini, ule utomvu wa mimea inayotambaa, na kuuza Lindi na Mikindani. Mmoja wa mimea hiyo wanasayansi waliuita Landolphia kirkii, kwa jina la John Kirk, konsuli wa Uingereza Unguja. Wajerumani wakapanda miti ya mpira. Mwaka 1913 bei ikaporomoka, kwa kuwa mpira wa bei nafuu wa mashamba ya Asia ulikuwa umejaa sokoni. Leo mpira unatujia kutoka Asia ndani ya kiboksi, ukiwa umeshonana na chuma, tayari kwa presi. Hapo mzigo ulikuwepo, na migongo iliyoubeba pia. Mizani ndiyo ilikuwa mbali.

Barabara ndiyo iliyochelewa kuliko vyote. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na masika yakikolea Kusini ilibaki kama kisiwa. Kilometa 60 za Ndundu hadi Somanga zilikuwa za mwisho kupata lami. Mwezi Mei 2024 mvua zikaikata tena barabara hiyo upande wa Somanga, na abiria wakalala njiani. Watu wa kwetu huitaja miaka hiyo kwa siku walizokwama. Gari nalo huitaja kwa namna yake: bushi zilizotoka kwenye Hilux ya mjomba zilikuwa zimepasuka kuzunguka mduara wote, kama mguu wenye magaga.

Sitaki kuunyoosha mfano huu kupita uwezo wake. Nchi haina jeki, na hakuna fundi mmoja wa kuzuia mkono wa kijana. Lakini tofauti ya reli na bandari inanisimamisha. Vyote viwili vilijengwa kwa karanga zilezile. Reli haikupata mzigo mwingine wa kutosha, ikafa. Bandari ilipata korosho: magunia ya wakulima wa Newala, Tandahimba na Masasi, msimu baada ya msimu. Wao ndio waliokalisha uzito chini. Kwa hiyo mradi mpya unapotangazwa Kusini, iwe gesi au lami, mimi sianzi tena kwa kuuliza utagharimu kiasi gani. Nauliza mzigo wa nani umeshakaa juu yake, na kama spana imeshikwa kabla au baada.