Nani Alilipa Ada Zetu? Historia Fupi ya Wafadhili wa Elimu Songwe

Kamati ya maandalizi iliponiomba niandike ukurasa wa shukrani kwa wafadhili, kwa kuwa mimi ni mmoja wa waliosomeshwa, nilikubali haraka, kisha nikakaa wiki tatu bila kuandika neno. Kosa ni la kazi yangu. Mhasibu hawezi kushukuru kwa jumla jumla. Anataka kujua nani alitoa, alitoa lini, na fedha zenyewe zilitoka wapi. Nilianza kufuatilia ada yangu ya kidato cha kwanza, ya mwaka 1995, na kabla sijapumua nikajikuta nimefika mwaka 1881.

Mwaka huo mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, aliahidi pauni 4,000 ili ijengwe barabara kutoka kaskazini mwa Ziwa Nyasa hadi Ziwa Tanganyika. Alikuwa mkurugenzi wa kampuni ya biashara iliyofanya kazi bega kwa bega na misheni ya Waskoti ya Livingstonia. Barabara yenyewe haikukamilika kama ilivyopangwa, lakini ilitupata kwa njia nyingine. Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kwa mkataba wa Julai 1, 1890, barabara ya Stevenson iliachwa upande wa Waingereza, na mpaka ukapitishwa kaskazini yake. Wanyamwanga wakakatwa vipande viwili. Ndiyo maana hadi leo mtu wa Tunduma ana mjomba Nakonde, akimtembelea anavuka nchi. Hiyo ndiyo fedha ya kwanza ya mfadhili ninayoijua iliyogusa ardhi yetu, nayo ilituachia mpaka kabla haijatuachia shule.

Shule zilifuata upesi. Katikati ya miaka ya 1890 Waskoti walifungua kituo Mwenzo, kwa Wanyamwanga wa ng'ambo. Upande wetu walikuja Wamoravian kutoka Ujerumani. Walifika Rungwe mwaka 1891, na mwishoni mwa karne hiyo wakamtuma Traugott Bachmann kwenda Mbozi, kwa Wanyiha. Mapadre Weupe nao waliingia kupitia bonde la Rukwa, na majina ya Mkulwe na Galula wazee wetu Wakatoliki wanayafahamu vizuri kuliko mimi.

Si kweli kwamba walikuta watu wasio na elimu. Wanyiha walikuwa wafua chuma na wafumaji wa nguo za pamba, na kazi ya tanuru haijifunzwi kwa kuangalia mara moja. Jambo jipya lilikuwa maandishi. Bachmann alijifunza Kinyiha kiasi cha kutafsiri Agano Jipya, lililochapwa mwaka 1913, na hapo kuna urithi wa kanisa lake. Askofu wao wa zamani, Jan Amos Komenský, aliyefariki mwaka 1670, alishikilia kwamba kila mtoto afundishwe, wa kike na wa kiume, tajiri na maskini, na aanze kwa lugha ya mama yake. Mbegu hiyo ilisafiri karne mbili na zaidi hadi kwenye baridi ya Mbozi. Kuhusu mtoto wa kike nitarudi baadaye, maana hapo ndipo hesabu zangu zinapogoma.

Lakini turudi kwenye fedha. Waskoti walikuwa na chuo kikubwa huko Livingstonia, Overtoun Institution, kilichofundisha ualimu, useremala, uchapaji, ujenzi na ukarani. Jina hilo ni la mfadhili wake mkubwa, Lord Overtoun, mwenye kiwanda cha kemikali karibu na Glasgow. Alikuwa mtu wa kanisa, tena mtetezi wa kuitunza siku ya Bwana. Mwaka 1899 Keir Hardie, kiongozi wa wafanyakazi wa Uingereza, alichapisha kijitabu kuhusu kiwanda hicho. Kilieleza kwamba watu walifanya kazi saa kumi na mbili kwa siku, Jumapili ikiwamo, kwa ujira mdogo, huku vumbi la kemikali likiwala ngozi na kuwatoboa pua. Kilileta aibu kubwa Scotland nzima.

Niliposoma habari hiyo sikulala vizuri. Kijana wa Kinyamwanga aliyepewa kalamu na kitabu huko Livingstonia alikuwa na mfadhili mwenye jina lililoandikwa kwenye jengo. Alikuwa pia na wafadhili wasioandikwa popote, nao ni wale vibarua wa Glasgow waliotobolewa pua. Sisemi tuwakatae waliotoa. Mimi nimekula sadaka za watu nisiowajua na nimeshiba. Nasema tu kwamba katika daftari lolote la msaada, jina la mwisho kabla ya mpokeaji mara nyingi si jina la aliyelipa gharama.

Matunda ya chuo hicho yalikuwa makubwa. Mmoja wa vijana wake alikuwa Donald Siwale, mwalimu wa Mwenzo. Mwingine alikuwa David Kaunda, aliyetumwa kufungua kazi Chinsali. Wa tatu alikuwa Levi Mumba, aliyefanya kazi ya kutunza vitabu vya hesabu chuoni hapo (naomba wahasibu wenzangu wamkumbuke), na ambaye mwaka 1944 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha kitaifa cha Waafrika wa Nyasaland. Mwaka 1912 Mumba na wenzake walianzisha chama cha wenyeji upande wa Nyasa, na mfano wake ukavuka milima. Ilipofika mwaka 1923, Siwale na wenzake, akiwamo David Kaunda, walikuwa na chama chao: Mwenzo Welfare Association. Walikuwa walimu na makarani wachache waliotaka kuisemea nchi yao mbele ya serikali. Hakikudumu miaka mingi, kwani wanachama walikuwa watumishi na watumishi huhamishwa. Lakini ndugu msomaji, unaposhika kijitabu hiki cha harambee, shika ukijua kwamba chama cha maendeleo ya nyumbani si jambo tulilojifunza Dar es Salaam. Lilikuwako jirani kabisa na Tunduma zaidi ya miaka 100 iliyopita, likiongozwa na watu waliosomeshwa kwa sadaka.

Vita ya kwanza ya dunia ilipofika mwaka 1916, wamisionari wa Kijerumani walichukuliwa kama mateka, Bachmann akiwamo. Waskoti walisaidia kusimamia vituo kwa miaka kadhaa, lakini walikuwa wachache na wako mbali. Waliobaki na watoto darasani na ibada za Jumapili walikuwa walimu wetu wenyewe na wazee wa kanisa, fedha za Ulaya zikiwa zimekatika. Kama kuna anayedhani elimu ya dini huku kwetu ilisimama kwa fedha za nje peke yake, aitazame miaka hiyo.

David Kaunda alifariki mwaka 1932 akiacha mtoto wa miaka minane, Kenneth. Mama yake, Helen Nyirenda, naye alikuwa mwalimu. Kenneth Kaunda amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba siku ya kuanza shule alilia kwa kukosa ada, shilingi mbili na peni sita, na mama akaenda kuazima kwa jirani. Jirani huyo hana barabara wala jengo lenye jina lake. Lakini mtoto yule ndiye aliyekuja kukaa meza moja na Mwalimu Nyerere wakakubaliana kujenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, na treni ikaanza kupita Tunduma na Nakonde ikishona kile ambacho mkataba wa 1890 ulikata. Sijui uwekezaji mwingine wa shilingi mbili na peni sita uliozaa kiasi hicho.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika, nami nitayapita haraka kwa sababu wengi wenu mliyaishi. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule nyingi za misheni na kuzifanya za wote, zikabaki seminari. Lilikuwa jambo la haki, maana mtoto hakutakiwa tena kuulizwa dini yake mlangoni. Elimu ya msingi kwa wote ikaja miaka ya sabini, lakini nafasi za sekondari zikabaki chache mno. Kufikia miaka ya tisini, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Mbozi aliyekosa nafasi ya serikali alibaki na njia mbili, shule ya kanisa yenye ada au kurudi shambani.

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la tano. Alituachia ekari moja ya kahawa, mama, na dada yangu aliyenitangulia miaka miwili. Dada ndiye aliyekuwa na akili ya hesabu, si mimi. Mwaka 1993 alipata nafasi katika shule ya kanisa. Mama alikwenda kuulizia mfuko wa ufadhili, akaambiwa fedha za mwaka ule zimetengwa kwa wavulana watakaokuja kulitumikia kanisa. Dada akaenda Tunduma kwa shangazi kuuza mchele. Miaka miwili baadaye mfuko huo huo ulinipokea mimi. Sijawa mchungaji. Nimekuwa mhasibu.

Ada yangu ililipwa na usharika mmoja wa Ujerumani ambao sijawahi kuufika. Kila Desemba tuliofadhiliwa tulikaa darasani tukaandika barua za shukrani, mwalimu akiwa ameandika ubaoni jinsi ya kuanza na kumaliza. Nashukuru kwa dhati kwa ajili yao. Walikuwa wazee wastaafu, nilikuja kuambiwa, waliouza keki na soksi za kufuma kila Majilio ili mtoto wasiyemjua asome. Nashukuru pia walimu waliotuamsha saa kumi na moja alfajiri kwa sala na kutufundisha kwamba kuiba mtihani ni dhambi, wala si kuvunja kanuni tu. Katika kazi yangu nimepewa bahasha mara kadhaa nifumbe macho. Niliyafumbua kwa sababu ya zile asubuhi za baridi.

Lakini mfuko ulilipa ada tu. Godoro, ndoo, jembe, shuka na nauli vilikuwa vyetu. Nikiwa kidato cha tatu fedha za nje zilichelewa, tukarudishwa nyumbani. Wiki ya pili dada alikuja kutoka Tunduma na shilingi 30,000 zimefungwa kwenye pindo la kanga. Alisimama mlangoni pa ofisi ya shule hadi akapewa stakabadhi. Iliandikwa jina langu. Sikumwandikia barua ya Desemba, mwaka ule wala mwaka mwingine wowote.

Mama alipofariki tulikuta kwenye sanduku lake daftari la mistari. Aliandika kwa penseli. Debe la mahindi, na jina. Kuku wawili, na jina. Shilingi 5,000 za nauli, na jina. Mengine yamekatwa kwa mstari, yamelipwa. Mengine hayajakatwa. Walikuwamo Wamoravian, Wakatoliki, Walutheri, mzee mmoja Mwislamu mwenye duka, na bibi mmoja ambaye hakuwahi kuingia kanisani. Nimekagua vitabu vya mashirika makubwa, lakini sijaona leja iliyoandikwa kwa uaminifu kuliko ile.

Leo mkoa wetu, uliozaliwa mwaka 2016, una shule za kata nyingi, na ada ya sekondari imeondolewa hadi kidato cha sita. Wapo wanaouliza kwa nini bado tunachangisha. Jibu liko katika mafaili ya chama. Yupo binti anayekaa kilomita nyingi kutoka shule na hana bweni. Yupo aliyepata nafasi ya chuo na mkopo wa Bodi haukutosha. Wapo waliopata ujauzito, wakaruhusiwa kurudi shule tangu mwaka 2021, na hakuna wa kuwabebea mtoto wala kuwalipia nauli. Ada ilikuwa sehemu moja tu ya gharama, kama pindo la kanga ya dada lilivyonifundisha.

Nilipokuwa nakamilisha ukurasa huu nilishuka Tunduma kwa dada. Sasa ana duka lake la vitenge. Nilimweleza habari ya Overtoun na vibarua wake, akasikiliza huku anakunja nguo. Kisha akaniuliza, "Na ninyi mwaka huu mnasomesha wasichana wangapi?" Nikamwambia ukweli, kwamba ni wachache kuliko wavulana. Nimeshaandikia kamati kupendekeza kwamba kuanzia mwaka huu nusu ya mfuko iende kwa wasichana, bila kuuliza dini ya mwombaji, na hoja hiyo itasomwa siku ya harambee kabla ya minada kuanza. Tafadhali muwahi.

Dada akaingia nyuma ya duka, akatoka na mchango wake, akauhesabu mara mbili mbele yangu. Nikafungua kitabu cha stakabadhi nikamwuliza niandike jina gani. Akasema niandike la mama. Kisha akanyoosha mkono, akasubiri nakala yake.