Hisabati na Fizikia katika KCSE: Ugumu wa Somo na Hesabu ya Alama

Mwanafunzi wa Kosele, kituo cha biashara kilicho karibu na Oyugis katika Rachuonyo Kusini, kaunti ya Homa Bay, hafanyi mtihani maalumu wa kuingia chuo kikuu. Hakuna karatasi ya hisabati inayotungwa na chuo, wala ya fizikia inayotungwa na kitivo cha uhandisi. Mtihani wa kumaliza kidato cha nne, KCSE, ndio unaomfungulia mlango au kumfungia. Ulianza mwaka 1989, mfumo wa 8-4-4 ulipoondoa mitihani ya KCE na KACE, na tangu hapo umebebeshwa kazi mbili: kuthibitisha kwamba mtu amesoma miaka minne, na kuwapanga watahiniwa katika foleni ya nafasi za digrii. Kazi hizo hazifanani. Ndiyo sababu swali la kila mwaka, ni somo gani lililo gumu zaidi kati ya hisabati na fizikia, hujibiwa haraka na kujibiwa vibaya.

Jibu la haraka hutoka kwenye wastani wa kitaifa. Kati ya mwaka 2011 na 2014, wastani wa hisabati haukufika asilimia 30 hata mara moja, ilhali wa fizikia ulikuwa juu ya asilimia 35 kila mwaka. Mzazi akiziona tarakimu hizo huona kama kesi imekwisha: hisabati ndiyo ngumu. Lakini hisabati ni lazima kwa kila mtahiniwa, na fizikia ni ya hiari. Mwishoni mwa kidato cha pili wanafunzi walikuwa wakichagua masomo, na wengi waliiacha fizikia wakabaki na biolojia na kemia. Katika miaka hiyo waliofanya fizikia walikuwa karibu robo tu ya watahiniwa wote. Wastani wa hisabati ni wa taifa zima. Ule wa fizikia ni wa kundi lililokwisha kuchujwa, na waliochujwa nje ni wale waliokuwa wakihangaika na milinganyo tangu kidato cha kwanza.

Wataalamu wa upimaji huanza na kipimo rahisi cha ugumu, yaani sehemu ya watahiniwa waliolipata swali. Swali lililopatwa na 80 kati ya 100 ni jepesi, lililopatwa na 15 ni gumu. Kipimo hicho kina kasoro moja kubwa: kinabadilika kundi likibadilika. Lipeleke swali lile lile katika shule ya kitaifa, kisha katika shule ya kutwa iliyofunguliwa juzi, na utapata ugumu wa aina mbili. Njia ya haki zaidi ni kuwatazama watu wale wale katika masomo yote mawili. Tuchukue darasa la kubuni la wanafunzi 60, wastani wake wa hisabati ukiwa 26. Kumi na watano kati yao wanasoma fizikia na wamepata wastani wa 40 katika somo hilo. Fizikia inaonekana nyepesi. Sasa zitoe alama za hisabati za wale kumi na watano peke yao: wamepata 45. Kwao fizikia ndiyo iliyowatoa jasho zaidi. Hesabu hii haihitaji kompyuta. Mwalimu yeyote mwenye orodha ya alama za moki anaweza kuifanya jioni moja, na kwa maoni yangu ingefaa ifanywe katika kila shule kabla mtoto hajaambiwa aache somo.

Karatasi zenyewe zimejengwa tofauti. Hisabati ya kawaida, somo nambari 121, ina karatasi mbili za saa mbili na nusu, kila moja alama 100. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya lazima yenye jumla ya alama 50. Ya pili ina maswali manane ya alama 10 kila moja, na mtahiniwa huchagua matano. Mpangilio huu unamlinda aliyejiandaa nusunusu, kwa maana anaweza kuyakwepa maswali matatu katika kila karatasi. Pia usahihishaji hautazami jibu peke yake. Mwongozo hutenganisha alama ya njia, inayoandikwa M, na alama ya usahihi, inayoandikwa A, na ile inayotolewa bila masharti ya njia, B. Mtahiniwa aliyeandika mlinganyo sahihi kisha akakosea kujumlisha hupoteza A na kubaki na M yake. Kwa hiyo anayejua kuonyesha kazi hatua kwa hatua anaweza kuokota alama nyingi katika maswali ambayo hakuyamaliza, na anayeandika jibu tupu lililokosea hupata sufuri. Hakuna alama inayokatwa kwa kubahatisha, kinyume cha mtihani wa JEE Main wa India, ambako jibu sahihi la kuchagua huleta alama nne na lililokosewa huondoa moja.

Fizikia, nambari 232, ina karatasi tatu. Mbili za nadharia ni za saa mbili na alama 80 kila moja, na katika hizo hakuna kuchagua: sehemu ya kwanza ya maswali mafupi ina alama 25, ya pili 55, na yote ni lazima. Karatasi ya tatu ni ya vitendo, saa mbili na nusu, alama 40. Alama za nadharia, ambazo ni 160, hupunguzwa ziwe 60, kisha zile 40 za vitendo huongezwa kama zilivyo. Matokeo yake hayasemwi vya kutosha: alama moja ya maabara ina uzito wa alama moja kamili, ilhali alama moja ya nadharia ina uzito wa 0.375. Mtahiniwa akipoteza alama tano za grafu kwa kuchagua skeli mbaya na kusahau kuandika vipimo kwenye mihimili, hasara yake ni sawa na kupoteza zaidi ya alama 13 za nadharia.

Hapo ndipo ugumu unapohama kutoka kwenye swali na kuingia katika kabati la maabara. Baraza la mitihani, KNEC, hutuma shuleni orodha ya vifaa vinavyohitajika kabla ya siku ya vitendo. Shule yenye ammita za kutosha huandaa meza moja kwa kila mtu. Shule yenye chache hupanga watahiniwa kwa zamu, na mwanafunzi hukutana na rula ya mita, lenzi au saa ya kupimia muda akiwa ameigusa mara chache tu. Hisabati haina mzigo huu. Kalamu, kikokotoo na seti ya jiometri vinatosha, na vinapatikana dukani Oyugis. Ndiyo maana nashikilia kwamba kwa mtoto wa shule ya kutwa yenye maabara duni, karatasi ya tatu ya fizikia ni ngumu kuliko kitu chochote katika silabasi ya hisabati, hata kama maswali yake yenyewe ni mepesi.

Alama zikishajumlishwa hugeuzwa gredi, kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Mipaka ya gredi hupangwa baada ya kusahihisha, somo kwa somo, kwa hiyo alama zinazoleta A katika hisabati si lazima zilete A katika historia. Lengo ni kufidia ugumu wa karatasi ya mwaka huo. Uzito wa maamuzi haya ulionekana mwaka 2016, serikali ilipokaza ulinzi dhidi ya wizi wa mitihani na kutangaza kwamba matokeo hayakusawazishwa. Watahiniwa waliopata wastani wa A walikuwa 141, baada ya zaidi ya 2,600 mwaka uliotangulia.

Ukishuka kutoka Kisii kupitia Migori hadi Isebania, ukavuka upande wa Sirari, unakuta mantiki nyingine. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, lina mipaka inayojulikana. Katika kidato cha sita, A ni kuanzia alama 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60, D kuanzia 50, E kuanzia 40 na S kuanzia 35. Pointi nazo zinakwenda kinyume: A ni 1 na F ni 7, na daraja la kwanza ni jumla ya pointi 3 hadi 9 katika masomo matatu ya tahasusi, kwa mfano PCM yenye fizikia, kemia na hisabati ya juu. Mwanafunzi anajua mapema shabaha iko wapi. Lakini karatasi ikitoka ngumu mwaka mmoja, mpaka ulioandikwa hausogei kumfuata.

Uganda nayo hupima uzito wa somo kulingana na kozi inayoombwa. Katika mtihani wa kumaliza kidato cha sita, UACE, A ni pointi 6 na hupungua hadi O yenye 1. Masomo mawili ya msingi kwa kozi huzidishwa kwa 3 na la tatu kwa 2. Mwenye A tatu za fizikia, hisabati na kemia anapata 18, 18 na 12, yaani 48, kabla ya nyongeza nyingine. Wasichana wanaoomba vyuo vya umma huongezewa pointi 1.5.

Kenya ina 48 yake, kwa njia tofauti kabisa. KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, iliyochukua kazi hiyo kutoka kwa bodi ya JAB chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, hukokotoa pointi za klasta. Katika umbo lake jepesi, kanuni huchukua pointi za masomo manne ya kozi ikazigawa kwa 48, na jumla ya masomo saba ikaigawa kwa 84. Sehemu hizo mbili huzidishwa, hutafutwa kipeo cha pili, kisha jibu huzidishwa kwa 48. Tuseme mwombaji wa uhandisi ana A ya hisabati, B+ ya fizikia, B ya kemia na B+ ya jiografia: pointi 41. Jumla ya saba ni 70. Klasta yake ni 40.50. Akipanda gredi moja katika fizikia, anafika 41.28. Akipanda gredi moja katika Kiswahili, ambacho kimo katika zile saba lakini si katika zile nne, anafika 40.79. Gredi moja ya fizikia imemletea zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya Kiswahili. Tena gredi hiyo ya fizikia ina thamani ile ile kama ya kemia au hisabati: kanuni haiulizi ipi ilipatikana kwa tabu zaidi.

Mitihani kama SAT ya Marekani hukabili tofauti za ugumu kati ya karatasi na karatasi kwa kusawazisha alama za tarehe mbalimbali, ili 650 ya hisabati ya Machi iwe sawa na 650 ya Oktoba. Hilo huwezekana kwa sababu maswali hujaribiwa kabla na mengine hurudiwa kwa siri. KCSE hutungwa upya kila mwaka na karatasi zake huzagaa madukani baadaye kama za mazoezi, hivyo hakuna swali la pamoja linalounganisha mwaka na mwaka.

KCSE ya mwisho ya 8-4-4 imepangwa kufanywa mwaka 2027. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo mpya waliingia gredi ya 10 Januari 2026, baada ya mtihani wa kumaliza sekondari ya chini, KJSEA, wa 2025, na wale wa mkondo wa sayansi husoma hisabati kamili huku wengine wakisoma hisabati nyepesi zaidi. Sasa hisabati nayo itakuwa na kundi lililochujwa, kama ilivyokuwa fizikia kwa miaka yote hii. Wastani wa hisabati kamili ukipanda katika mtihani wa kwanza wa gredi ya 12, itabidi kwanza kuuliza ni nani waliokaa katika chumba hicho cha mtihani, kisha ndipo karatasi ipimwe.