Mtoro bin Mwinyi Bakari na nusu ya kisa tunayoiruka

Ukikaa na wapenzi wa fasihi ya Kiswahili, jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari halichelewi kutajwa. Huyu ni mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ndiye mchangiaji mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903. Jina lililokaa juu ya jalada lilikuwa la Carl Velten, Mjerumani aliyeyakusanya maandishi hayo. Hapo tu mtu anaweza kuanza kukasirika. Lakini ngoja kwanza, kuna zaidi.

Wanafunzi wake wengi pale Berlin walikuwa wakijiandaa kuja kututawala. Waliihitaji lugha yake, ila kumheshimu Mwafrika kama mwalimu lilikuwa jambo jingine. Mwaka 1904 Mtoro akaoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha, na mwaka uliofuata wakapanda meli kuja Afrika Mashariki. Serikali ya koloni, gavana akiwa Graf von Götzen, ikakataa wasishuke pamoja. Hawakuwa wameiba wala kuua. Walikuwa mume mweusi na mke mweupe, na serikali haikutaka watu waone jambo hilo likipita barabarani kama kitu cha kawaida. Basi wakarudi Ujerumani. Mwaka 1906 ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku katika koloni. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927.

Hiyo ndiyo nusu tunayopenda kuisimulia, na tuna haki. Mtu anazuiwa kushuka kwenye pwani ya kwao, pwani ambayo yeye ndiye aliyewaandikia Wajerumani habari zake! Ubaguzi ukisimama wazi namna hiyo, hauhitaji mfasiri.

Sasa fungua kitabu chenyewe, kwenye habari za utumwa. Humo Mtoro anatupanga watu kwa daraja. Kuna mwungwana, na kuna mtumwa. Ndani ya watumwa kuna mzalia, aliyezaliwa hapa hapa pwani, na kuna mjinga, aliyeletwa karibuni kutoka bara, asiyejua lugha wala adabu za mji. Anaeleza kwamba zamani mtumwa hakuruhusiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mavazi yalikuwa sheria: ukimwona mtu njiani, kichwa na miguu yake vinakuambia umsalimu vipi. Haya yote yameandikwa kwa utulivu, kama mtu anayeeleza namna wali unavyopikwa.

Utulivu huo ndio unaonishughulisha mimi. Mwaka ule ule Mtoro alipozuiwa melini, utumwa ulikuwa bado halali katika koloni. Amri ya Wajerumani ya Desemba 1904 iliwaacha huru watoto wa watumwa ambao wangezaliwa baada ya mwaka 1905 kumalizika. Wazazi wao walibaki watumwa. Sheria ya kuufuta kabisa ilikuja chini ya Waingereza, mwaka 1922. Kwa hiyo pwani ile iliyomfungia Mtoro mlango ilikuwa na watu wengine waliofungiwa milango midogo midogo kila siku, na waliofunga walikuwa majirani zao, watu wanaosali nao.

Najua jibu litakalokuja: usilinganishe. Kweli, havilingani. Wajerumani walikuwa na sheria ya rangi, meli na bunduki, na mwaka huo huo wa 1905 vita vya Maji Maji vilianza, vikaua watu wasiohesabika. Dharau ya pwani ilisimama juu ya nasaba, dini na mahali mtu alikotoka, na mjukuu wa mjinga angeweza siku moja kuitwa mtu wa mji. Lakini tofauti hiyo isitufanye tujione hatuna letu. Mwanahistoria Jonathon Glassman, katika War of Words, War of Stones cha mwaka 2011, anaonyesha kwamba fikra za kibaguzi zilizotangulia umwagaji damu wa Zanzibar mwaka 1964 hazikuletwa na Mwingereza peke yake. Wasomi na wanasiasa wa hapo hapo walizijenga pia, wakitumia mawazo ya zamani ya nani mstaarabu na nani mshenzi.

Na maneno hayo bado tunayo. Mjinga leo ni tusi la kawaida, hata mama humwambia mwanawe. Mshenzi, lililokuwa jina la watu wa bara wote waliopuuzwa na mji, tunamtupia dereva wa daladala. Ustaarabu tunausifu mashuleni, na tukilichambua neno tunakuta ndani yake Mwarabu: kustaarabika ni kuwa kama yeye. Sisemi tuyafute. Lugha haioshwi kwa sabuni. Nasema kwamba neno linaweza kusahau lilikotoka huku kazi yake ikiendelea.

Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuchagua maneno, na hapo ndipo najikagua. Kwa nini mrembo mwenye rangi ya maji ya kunde anatajwa rangi yake kama sifa, na mweusi anaongezewa “lakini mzuri”? Kwa nini nywele za singa zinaitwa nywele nzuri, na za kipilipili zinaitwa ngumu, kana kwamba zimekosa kitu? Kwa nini fundi wa Kihindi kwenye habari anakuwa “Mhindi” kabla hajawa fundi? Hakuna Götzen chumbani. Ni sisi kwa sisi, Kiswahili kitupu.

Nimejiwekea utaratibu mdogo. Nikiandika kumhusu mtu, natafuta lile neno ambalo ningelikataa lau lingeandikwa kunihusu mimi kule Ulaya. Nikilipata, naliondoa au nalieleza. Haliponyi dunia, lakini linanionyesha mahali mkono wangu unapokwenda wenyewe bila kuutuma. Chuki ya wazi ni rahisi kuikataa. Ngumu ni ile iliyokaa kwenye sentensi iliyonyooka, yenye sarufi safi, ambayo mhariri ataipitisha bila kuinua macho.

Mtoro tumsome, na tumsome wote. Tukibaki na kisa cha meli peke yake, tutajua namna ya kuutambua ubaguzi ukitujia. Zile kurasa za utumwa zinatufundisha kuutambua ukitoka kwetu, na kwa maoni yangu hilo ndilo somo lililochelewa zaidi.