Maswali 9 kwenye skrini

Leo tuache kidogo seva na hifadhidata. Nataka kuwasimulia historia ya fomu moja ambayo wengi wanaougua sonona, yaani huzuni isiyoondoka, hukutana nayo wakitafuta habari mtandaoni. Inaitwa PHQ-9.

Kabla yake, kipimo maarufu kilikuwa cha Aaron Beck cha mwaka 1961, chenye maswali 21 na hakimiliki. PHQ-9 iliundwa na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke kwa ufadhili wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na utafiti wake ukachapishwa mwaka 2001. Maswali ni 9, kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 27. Ukifikisha 10, inafaa daktari akuchunguze zaidi. Kuinakili hakuhitaji ruhusa wala malipo, ndiyo maana imeenea kama programu huria. Mwaka 2006 tafsiri ya Kiswahili iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa saratani hapa Kenya ilichapishwa.

Agosti 2017, Google kwa ushirikiano na shirika la NAMI iliiweka mbele ya watu wa Marekani waliotafuta habari za sonona kwa simu. Jarida la BMJ likafanya mjadala: Ken Duckworth wa NAMI alitetea, Simon Gilbody wa Chuo Kikuu cha York akapinga.

Mimi macho yangu yako kwenye swali la 9, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Kujumlisha namba 9 ni kazi ya dakika chache. Lakini mtu anaweza kupata jumla ya 3, mbali kabisa na 10, na zote 3 zimetoka kwenye swali hilo! Daktari mwenye karatasi mkononi ataliona, amuulize mgonjwa papo hapo. Programu itamwambia hana tatizo.

Kwetu kulikuwa na ugumu zaidi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kifungo hadi miaka 2. Aliyewahi kujaribu alikuwa na sababu ya kunyamaza. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka katiba.

Basi wewe unayeunda programu yenye fomu hii, kabla ya kujumlisha chochote, soma jibu la 9. Likizidi 0, mwonyeshe kwanza namba ya simu ya mtu wa kuzungumza naye. Alama zitasubiri.