Je, Shujaa Anastahili Mwisho Mwema? Kutoka Nunda Mla Watu hadi Michezo ya Video

Utangulizi

Tulipomaliza kusoma Rosa Mistika katika somo la riwaya ya Kiswahili, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alifunga kitabu chake akasema kwamba mwandishi amemdhulumu Rosa. "Mwalimu," alisema, "hata kwenye mchezo wa video, ukiteseka hatua zote mpaka ya mwisho, lazima upewe kitu. Huyu Rosa amepewa nini?" Darasa lilicheka, kisha mabishano yakaanza na hayakwisha mpaka kipindi kilipomalizika. Baadhi walisema mchezo ni mchezo na riwaya ni maisha. Wengine walijibu kwamba maisha yenyewe sisi Warundi tunayajua vizuri, wala hatuhitaji kitabu cha kutufundisha huzuni.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonisukuma kuandika makala hii. Nakusudia kuonyesha, kwa ufupi na kwa kufuata historia, jinsi fasihi ya Kiswahili ilivyolijibu swali la mwanafunzi wetu: je, shujaa akishahangaika, anastahili mwisho mwema? Baadaye nitarudi kwenye michezo ya video ambayo vijana wetu huicheza katika simu zao na katika vibanda vya mitaani, kwa sababu michezo hiyo nayo ni masimulizi, tupende tusipende.

Mchumia juani hulia kivulini

Wahenga wanaonekana kuwa upande wa mwanafunzi. Mchumia juani hulia kivulini. Mvumilivu hula mbivu. Baada ya dhiki faraja. Methali hizi zote zinaahidi malipo. Ngano nyingi pia hufuata njia hiyo.

Tuchukue hadithi ya nunda, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Paka wa sultani anaanza kwa kula kuku. Watu wanalalamika, sultani anawapuuza, kwa kuwa paka ni wake na mali anayoila ni yake. Paka anakua, anakula mifugo, anakula watu, na mwishowe anakula hata wana wa sultani. Hapo ndipo mtoto mdogo wa sultani, aliyekuwa akidharauliwa kwa kukaa jikoni, anaondoka kwenda kumwinda. Anaua mnyama mmoja, anamleta kwa mama yake, anaambiwa kwamba huyo siye. Anaua mwingine mkubwa zaidi, naye siye. Anaendelea hivyo, kutoka mnyama mdogo hadi mnyama mkubwa, mpaka anampata nunda mwenyewe.

Nilipowasimulia wanafunzi hadithi hii, waliitambua mara moja. Hizo ni hatua za mchezo wa video: adui mdogo kwanza, adui mkubwa mwisho, na mwishoni zawadi. Kijana anapewa utawala wa nchi. Kwa upande wa Kirundi tunaye igisizimwe, ndugu wa zimwi la Waswahili, na watoto wetu wamekua wakisikia jinsi anavyoshindwa na mtoto mwerevu.

Lakini tusiishie kwenye zawadi. Kabla ya kijana kupewa utawala, hadithi imeshatueleza kwamba watu walikuwa wakiliwa kwa sababu mtawala alikataa kusikia. Furaha ya mwisho si ya kijana peke yake. Ni ya mji mzima ambao sasa unaweza kulala bila hofu. Kijana hapokei ujira wa nguvu zake tu. Anakabidhiwa kazi ambayo baba yake ilimshinda.

Liyongo kisimani

Shujaa maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili hakupata mwisho mwema. Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa pwani ya kaskazini ya Kenya, alikuwa na sifa zote za shujaa wa mchezo wa video. Alikuwa na nguvu zisizo na kifani, hakuna silaha iliyomdhuru, na alitoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku ngoma na nyimbo zikiifunika sauti ya kukata minyororo. Alikuwa pia na sehemu moja tu ya udhaifu: angeweza kuuawa kwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni.

Mtawala wa Pate, aliyemwogopa, alimrubuni mtoto wa Liyongo mwenyewe. Aliahidiwa cheo na kuozwa binti wa mfalme. Mtoto aliiulizia siri, akaipata, akamchoma baba yake usingizini. Liyongo aliamka, akachukua upinde wake, akaenda kupiga goti karibu na kisima, akafa katika hali hiyo, mshale ukiwa tayari. Watu wa mji hawakujua kwamba amekufa. Kwa siku kadhaa hakuna aliyethubutu kwenda kuteka maji, mpaka mama yake alipokwenda kumbembeleza na maiti ikaanguka.

Mambo mawili yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, zawadi ya binti wa mfalme, ambayo katika michezo mingi ya video ndiyo tuzo ya shujaa, hapa anaahidiwa msaliti, na hata yeye haimfai kitu: anadharauliwa, anaugua, anakufa. Pili, masimulizi hayaishii kwenye kifo cha Liyongo. Yanaendelea mpaka kwenye kiu ya watu. Msimulizi anataka tujue kilichowapata waliobaki hai, hofu yao na mitungi yao mitupu.

Shaaban Robert: mwisho mwema wa wengi

Mwanafunzi wetu angefurahi zaidi kwa Shaaban Robert (1909–1962). Katika Kusadikika (1951), Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria. Hana upanga wala jeshi. Anajitetea kwa maneno, siku baada ya siku, akieleza habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mema ya kuifaa nchi, na ambao waliporudi walitiwa gerezani. Karama anashinda kesi, na ushindi wake unawafungulia wajumbe wale sita milango ya gereza.

Katika Adili na Nduguze (1952) jambo hilo limekwenda mbali zaidi. Adili amedhulumiwa na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu, nao wamegeuzwa manyani. Analazimika kuwapiga kila usiku. Ana cheo na mali, kwa hiyo mtu angeweza kusema kwamba ameshalipwa. Lakini hana furaha mpaka ndugu zake wasamehewe na kurudia ubinadamu. Mwisho mwema wa Shaaban Robert, kwa hiyo, si tuzo ya mtu mmoja. Shujaa hawezi kufurahi huku wenzake wangali wamefungwa minyororo, hata kama wenzake hao ndio waliomkosea.

Miaka ya 1970: malipo yamekatwa

Kisha kikaja kizazi kilichokataa ahadi hiyo. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971, na kwa muda kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Rosa, aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, anajiua. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Tumaini, aliyekwisha kutulia na kuwa mkulima mwenye mali, ananyongwa baada ya kumuua kiongozi wa serikali. Methali ya mchumia juani haifanyi kazi tena. Methali inayofaa hapa ni fadhila za punda ni mateke.

Hata hivyo, si waandishi wote wa wakati huo waliofuata njia hiyo. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), anamtoa Maimuna katika malezi ya kifungoni, anampitisha katika maisha ya ulevi na ukahaba, kisha anamwinua tena na kumpa ndoa. Wanafunzi huuliza kwa nini Maimuna apone na Rosa afe. Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba Maimuna alijitahidi zaidi. Tofauti iliyopo ni kwamba Maimuna alipata watu wa kumpokea alipoanguka, na Rosa hakuwapata.

Naye Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), anatuonyesha kiongozi wa Majimaji aliyeshindwa kabisa. Maji hayakuzuia risasi. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu anajua kwamba neno lile litawafikia wajukuu. Tamthilia ilichapishwa miaka minane baada ya uhuru wa Tanganyika, kwa hiyo wasomaji wake wa kwanza walikuwa ndio wajukuu hao.

Michezo ya video imefanya nini?

Michezo ya kwanza haikuwa na mwisho mwema hata kidogo. Katika Space Invaders (1978) maadui huongezeka kasi mpaka mchezaji ashindwe. Kinachobaki ni alama zake tu. Katika Super Mario Bros. (1985) mchezaji anafika ngome baada ya ngome na kuambiwa kwamba binti wa mfalme yuko kwingine, kama yule kijana wa nunda aliyeambiwa kila mara kwamba huyo siye. Katika Red Dead Redemption (2010) John Marston anatimiza kila alichoagizwa na maofisa wa serikali, na baadaye maofisa haohao wanaleta askari kumuua shambani kwake. Michezo hii nayo, kwa hiyo, imepitia safari inayofanana na ile ya riwaya yetu.

Mchezo ulionivutia zaidi ni wa Kijapani wa mwaka 1986, Bubble Bobble. Una raundi 100. Mchezaji akizimaliza zote peke yake, anaelezwa kwamba huo sio mwisho wa kweli, arudi pamoja na rafiki yake. Mwisho mwema hutolewa kwa wawili. Sidhani kama watunzi wake walimsoma Shaaban Robert, lakini Adili angewaelewa.

Hata hivyo, kuna hatari moja katika neno kustahili kama linavyotumika katika michezo. Mchezaji akifa, anaanza upya. Akifa tena, ni kwa sababu hakuwa hodari. Mwisho mwema ni wa aliye hodari, na aliyekufa alikosea mahali fulani.

Tulete jambo hili hapa Bujumbura. Mwanamfalme Louis Rwagasore aliongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, akawa waziri mkuu, na tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa risasi katika mji huu, ambao wakati ule uliitwa Usumbura. Alikuwa na miaka 29. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962 bila yeye kuuona. Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono, na mpaka leo tunamwita intwari. Tuseme kijana wetu mmoja anatengeneza mchezo wa video kuhusu Rwagasore. Je, ampe mchezaji nafasi ya kuikwepa ile risasi? Mtoto atakayeikwepa katika jaribio la tatu atafurahi, lakini atakuwa amejifunza kwamba Rwagasore alikufa kwa kukosa wepesi. Na sisi tuliokuwa wanafunzi mwezi Oktoba 1993, tuliopoteza wenzetu tulioketi nao dawati moja, hatuwezi kukubali kwamba waliokufa hawakustahili kuishi, wala kwamba tuliobaki tulistahili zaidi yao.

Hitimisho

Nilirudi darasani wiki iliyofuata na kumjibu mwanafunzi wangu. Nilimwambia kwamba ana haki ya kudai. Fasihi ambayo kila shujaa wake anaangamia inaweza kumfundisha kijana kukata tamaa, na katika nchi yetu huo ni mzigo mzito. Lakini nilimwomba alibadilishe swali. Badala ya kuuliza shujaa amelipwa nini, aulize kilichowapata waliobaki. Je, mji wa nunda ulilala salama? Je, watu wa Liyongo walipata maji? Je, wajumbe wa Kusadikika walitoka gerezani? Na kuhusu Rosa, nani angeweza kumpokea, na kwa nini hakumpokea?

Alifikiri kidogo, akasema kwamba basi mwisho wa Rosa haujaandikwa bado, kwa kuwa wapo wasichana wengi kama yeye ambao wangali hai. Niliwaomba wanafunzi wote waandike insha juu ya kauli hiyo. Walimu wenzangu wanaofundisha riwaya hii wanaweza kujaribu zoezi hilo katika madarasa yao.