Nani aliunguza amplifaya?

Najua nimepotea, si unajua tena mambo ya testi, tatu ndani ya wiki moja, na bumu lenyewe lilishakata zamani. Leo Jumapili hosteli imetulia, mwenzangu wa chumbani kaenda kufua, nikaona niwawekee hapa ile kazi ya historia niliyoifanya likizo nyumbani Singida. Mhadhiri alituagiza kila mtu akamhoji mzee mmoja wa kwao kuhusu kazi aliyofanya miaka ya 80. Wenzangu wengi walikwenda kwa wakulima wa alizeti na makarani wa ushirika. Mimi nilikwenda kwa mjomba, mpiga gitaa la besi.

Wengi hamjui kama nina mjomba mwanamuziki, maana hata mwenyewe hapendi kuitwa hivyo. Pale nyumbani anajulikana kwa vitunguu na kuku wake wa kienyeji. Besi aliipiga miaka 7 tu, kwanza kwenye kwaya kijijini huko Iramba, halafu kwenye bendi moja ya baa pale Singida mjini. Mwaka 1986 akaacha ghafla. Tangu nikiwa mdogo ukimuuliza kwa nini, jibu ni lile lile: "Mjomba, mimi niliunguza amplifaya ya watu." Basi. Anabadilisha mada, anakuuliza huko kwenu mvua zimenyesha?

Safari hii nilimwambia ni kazi ya chuo, nisipoandika nitapata sapu. Akacheka, akavuta kigoda.

Kwaya yao ilikuwa na gitaa moja la besi, amplifaya ya matangazo inayotumia betri ya gari, na honi mbili, zile za kutangazia mikutano. Honi zinafungwa juu ya mti, na upepo wa Singida mnaujua, sauti nusu inakuja kwenu, nusu inakwenda kwa majirani. "Nilikuwa napiga, nasikia kucha tu," mjomba akaniambia. "Ti, ti, ti. Uzito wenyewe hausikiki. Nikadhani vidole vyangu ndiyo vibovu."

Jamani, hapo ndipo nilipoanza kushtuka. Nilivyorudi chuo nikamfuata jamaa yangu mmoja anayesoma uhandisi wa umeme, akanifafanulia vizuri. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde. Honi imetengenezwa kwa ajili ya maneno ya mtu, isikike mbali. Sauti nzito za chini hivyo haiwezi kuzitoa, inatoa zile nyembamba zinazopanda pamoja nazo. Bahati nzuri ubongo wetu una tabia ya kujazia: ukisikia zile za juu, wenyewe unakisia ya chini. Ndivyo watu wengi wa mikoani walivyoisikia besi ya Msondo na Sikinde kwenye redio ndogo za betri. Kispika chenyewe hakikuwa na uwezo wa kuitoa, lakini watu walicheza! Kwa hiyo vidole vya mjomba havikuwa na tatizo lolote.

Sasa turudi kwenye historia, mhadhiri asije akasema nimemwandikia fizikia. Swali nililojiuliza ni dogo: hivyo vyombo vilikuwa vya nani?

Ukifuatilia bendi zetu za dansi utaona kitu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wapigaji wake walikuwa waajiriwa wanaolipwa mshahara. Baada ya hapo njia hiyo ikawa ya kawaida. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Bima Lee ya shirika la bima, na jeshi, polisi na magereza nao wakawa na bendi zao. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC Mlimani Park.

Uzuri wa mtindo huo ni kwamba mwanamuziki alikuwa na mshahara wa uhakika. Ubaya ni kwamba gitaa, amplifaya, spika, maiki, vyote ni vya mwajiri. Ukiondoka unaondoka na vidole vyako tu. Na kwa bendi za watu binafsi mambo yalikuwa hayo hayo. Orchestra Super Matimila ya marehemu Remmy Ongala, lile jina Matimila ni la mfanyabiashara aliyekuwa mmiliki wa vyombo! Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima alipounda International Orchestra Safari Sound, alichukua wanamuziki kadhaa kutoka Mlimani Park, akiwemo Muhidin Maalim Gurumo. Wazee wetu wanapenda kusimulia kuhama kwa wanamuziki kama umbea wa mapenzi. Mimi naona hadithi ni nyepesi zaidi: mwenye vyombo ndiye mwenye bendi.

Na kwa nini mwanamuziki asinunue vyake? Wadau, tukumbuke miaka yenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, wakati sahani za santuri za bendi zetu zilikuwa zinatengenezwa Nairobi. Mwaka 1978 na 1979 ikaja vita ya Kagera, halafu tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, mkanda ambao haukufunguka. Amplifaya inatoka nje, inataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilikuwa haba hata kwa mafuta na dawa. Watu walikuwa wanapanga foleni ya sabuni, wewe unataka spika ya besi! Mwaka 1984 ndiyo serikali ikaanza kuruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa. Lakini mpiga besi wa baa ya Singida fedha hizo azitoe wapi?

Kilichobaki ni mafundi redio. Wao ndio waliobeba muziki wa mikoani mgongoni. Makasha ya spika walichonga wenyewe kwa mbao, spika zikang'olewa kwenye radiogramu zilizokufa, koni iliyopasuka ikabandikwa karatasi na gundi. Besi ndiyo iliyoumia kuliko vyombo vyote, maana sikio letu ni zito kwa sauti za chini, hivyo inahitaji nguvu nyingi zaidi ili isikike sawa na gitaa la solo. Unapeleka nguvu hiyo kwenye kispika cha redio, koni inaruka hadi inachanika.

Sasa nije kwenye ule usiku wa 1986. Mjomba anasema watu wa nyuma walikuwa wanalalamika besi haisikiki. Mwenye baa akamwita fundi, ambaye alikuwa rafiki yake mjomba, aongeze spika mbili juu ya mbili zilizokuwepo. Zote nne zikaunganishwa pamoja kwenye waya ule ule. Jenereta ikawashwa, bendi ikaanza. Wimbo wa tatu ikaja harufu, halafu moshi, halafu kimya. Mwenye baa akasema mbele ya watu wote: mpiga besi ana mikono mizito, ameniunguzia mali. Mjomba akakatwa mshahara miezi 4. Alipomaliza deni akalirudisha gitaa kwenye kasha lake, akapanda basi kurudi kijijini.

Nilimuuliza, mjomba, zile spika zilikuwa zimeandikwa nini nyuma? Hakufikiri hata kidogo: "Nane. Kila moja nane." Nilivyompelekea jamaa yangu wa uhandisi, akashika kichwa. Spika ya omu 8, ukiunganisha mbili ubavu kwa ubavu unapata omu 4. Nne unapata omu 2. Kadiri omu zinavyopungua ndivyo umeme mwingi unavyonyonywa, na amplifaya nyingi za aina ile hazikutengenezwa kubeba chini ya 4. Transista zinachemka, zinaungua. Amplifaya ilikuwa njiani kuungua tangu fundi alipokaza waya wa mwisho.

Nikampigia mjomba simu jioni ile ile. Shikamoo, marahaba, nikamweleza taratibu, omu kwa omu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kwa hiyo hata ningepiga kama unyoya ingeungua?"

"Ingechelewa tu, mjomba. Wimbo wa saba, labda."

Akacheka sana. Halafu akauliza, "Na ile mishahara ya miezi minne, nani atanirudishia?" Hapo sikuwa na jibu, wadau. Mwenye baa alishafariki, fundi naye alihama siku nyingi.

Mhadhiri amenipa alama nzuri, ila pembeni ameandika kwamba nimesikiliza upande mmoja. Ni kweli, nimemsikia mjomba tu. Lakini nilivyowaza vizuri nikaona kuwa upande wa mwenye baa ndio uliosikika tangu 1986, hata mjomba mwenyewe alikuwa anausimulia kama wake. "Niliunguza amplifaya ya watu." Na neno la kweli humo ndani lilikuwa moja tu: ya watu.

Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kupiga chombo, msimuulize tu alipiga nyimbo gani. Muulizeni vyombo vilikuwa vya nani, na vilipoharibika nani alilipa. Mnaweza kushangaa.

Ngoja nikimbie kantini kabla wali haujaisha. Tupo pamoja.